Mtoto Aandike Yale Ameona



Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu kwa kusema jambo moja ambalo limetukaa moyoni tangu tulirudi toka staji. Ninyi wa kalasi za chini mlituona sisi wa mwaka wa sita Pedagogia tukipita asubuhi na matayarisho chini ya kwapa, nguo zimepigwa pasi, mkatuita "bamwalimu ba kesho". Wengine mlicheka. Si neno. Lakini kule katika shule ya msingi tulijifunza kitu, na tunaanza kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe.

Kalasi tuliyopewa ilikuwa ya tano, watoto 67, wanne wanne kwa benchi moja. Siku ya Alhamisi ikafika saa ya redaksyo. Tulifanya sawasawa na vile tulifundishwa sisi tukiwa wadogo. Tuliandika kwenye ubao kichwa cha habari, "Likizo yangu", kisha chini yake mfano wa mistari kumi kwa Kifaransa. Watoto wakanakili katika kaye zao, wakapewa siku mbili za kuushika kwa kichwa. Jumamosi tukafuta ubao, wakaandika.

Katika mfano wetu mtoto anapanda gari-moshi, anakwenda kumsalimu mjomba wake mjini, anakula keki, anarudi nyumbani na furaha. Basi watoto 66 walipanda gari-moshi. Wote 66 wakala keki. Hapa Uvira hakuna gari-moshi, na tulipouliza kalasi nzima nani ameona gari-moshi kwa macho yake, hakuna mkono hata mmoja uliinuka.

Mtoto mmoja hakupanda. Ni msichana wa benchi la nyuma, asiyesema sana. Aliandika nusu ukurasa kwa Kiswahili, na maneno ya Kifaransa machache hapa na pale. Aliandika habari za mwaka 2024, wakati ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za pembeni. Baba yake aliinua kitanda kwa matofali, kisha akaongeza matofali mengine. Asubuhi moja yeye akashusha mguu toka kitandani akakanyaga maji. Mdogo wake alicheka, alifikiri ni mchezo. Mama hakucheka, alikimbilia unga kwanza, kisha nguo. Wakalala kanisani pamoja na jamaa nyingine. Mwisho akaandika: hatukwenda likizo, tulihama.

Sisi tulimpa sifuri. Tuliandika kwa biki nyekundu: "nje ya somo". Aliporudishiwa kaye yake hakulia. Aliinuka kwa heshima akauliza: "Mwalimu, niandike gari-moshi?" Tukamjibu: ndiyo, andika gari-moshi. Akaandika. Akapata nane juu ya kumi.

Wandugu, hiyo nane ndiyo inatusumbua kuliko sifuri. Kwa sifuri tulikosa kwa kutojua. Kwa ile nane tulimlipa mtoto pointi ili aseme jambo ambalo halikumpata, na anyamaze juu ya jambo ambalo lilimpata.

Mtu atasema, ni mtoto tu, atakua. Sawa, lakini tutazame wale ambao wamekwisha kukua, maana yake sisi. Mwaka huu tunangojea Ekzama ya Taifa. Kila mtu hapa anajua kitu gani kinatutetemesha kabla ya mengine yote: disertasyo. Hesabu tunaweza kurudilia, majibu ya kuchagua tunaweza kubahatisha. Lakini kukaa mbele ya karatasi nyeupe na kutoa wazo letu wenyewe, hapo mkono unakufa. Tunatafuta mfano wa kushika kwa kichwa, kama tulivyozoezwa tangu kalasi ya tatu. Na wenye kuuza mifano hiyo wako, kila mwaka wanapata faida. Samaki hukunjwa angali mbichi, wazee walisema. Sisi tulikunjwa kuelekea kunakili.

Jambo la pili ni kazi ya mikono. Katika kalasi ile ile tuliuliza: ziwa Tanganyika lina urefu wa kwenda chini wa metre ngapi? Wote wakaimba kwa sauti moja: 1.470! Ni vizuri, ni kweli. Kisha tukawapa kamba na rula, wapime urefu wa ubao. Wengi hawakujua rula inaanzia wapi. Walianzia kwa alama ya 1, si kwa sifuri. Wanajua kina cha ziwa zima, na ubao ulio mbele yao kila siku hawajaupima.

Tangu hapo tulibadili matayarisho, kwa ruhusa ya Mama Mwalimu mwenye kalasi, ambaye tunamshukuru. Tuliokota vizibo vya chupa, vijiti, kamba na makopo matupu. Tulitoka nje kwenye kiwanja. Na hapo tuliona ajabu. Kijana mmoja ambaye katika hesabu hakupita mbili juu ya kumi, mama yake anauza ndagala. Tulipoanza kupima kwa kopo na kuhesabu bei, yeye ndiye alikuwa mwalimu. Anagawanya ndoo kwa makopo bila karatasi. Anarudisha chenji kwa faranga za Kongo na faranga za Burundi, na dola anaijua pia, wala hakosei. Tukamwambia: "Kumbe hizi ndizo zile sehemu unakataaga kwa ubao!" Akashangaa: "Ni hizi tu, Mwalimu?" Ndiyo, ni hizi tu. Hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Siku nyingine somo lilikuwa mwezi na jua. Kitabu kina picha ya duara tatu. Tuliuliza: kwa nini wavuvi hawaendi kazini siku mwezi ni mkubwa? Vidole vingi vikainuka! Ndagala wanafuata taa ya wavuvi, mwezi ukiangaza ziwa lote, wanatawanyika, taa haiwavuti tena. Watoto walitusimulia siku za giza na siku za mwangaza, wakazihesabu kwa vidole, wakafika karibu na 29 au 30. Baadaye tukawaambia waandike. Kila mmoja aliandika neno lake, na hakuna kaye mbili zilizofanana. Kusahihisha kulituchukua usiku wawili, lakini hatukusinzia.

Msidhani haya ni mageni. Katika somo la historia ya elimu tulijifunza habari za Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya msingi huko Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa 1966. Katika vita ya kwanza ya dunia alipigwa risasi ya mapafu, hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya kalasi. Basi aliwatoa watoto matembezi katika kijiji cha Bar-sur-Loup, wakatazama wafumaji na wakulima kazini, wakarudi wakaandika yale wameona. Mnamo 1924 akanunua mashine ndogo ya kupiga chapa, watoto wenyewe wakapanga herufi na kutoa maandishi yao, wakayatuma kwa watoto wa shule nyingine mbali. Hakuwa tajiri, alikuwa mwalimu mgonjwa wa kijijini. Na gazeti letu hili, linalotolewa kwa mashine ya kunakili na kubanwa kwa pini, ni jamaa ya gazeti lake.

Karibu na sisi, ng'ambo ya ziwa, Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alisema shule isimtenge mtoto na kazi ya wazazi wake. Ni neno kubwa, ila tunataka kuongeza onyo, kwa sababu neno "kazi ya mikono" limeharibika hapa kwetu. Mtoto akichelewa, anapewa kazi ya mikono: kukata majani. Mtoto akifanya kelele, kazi ya mikono: kuchota maji. Namna hiyo mkono umekuwa kiboko. Mtoto anajifunza kwamba wenye akili wanakaa ndani na kalamu, na wenye makosa wako nje na jembe. Sisi Wakristo tunasoma kila mwaka kwamba Bwana Yesu alikuwa seremala, na kwamba Paulo alishona mahema. Basi kwa nini mkono uwe azabu? Kupima, kufinyanga udongo, kupanda mbegu katika kopo na kuandika kila siku imefika wapi, hiyo ndiyo kazi ya mikono tunayosema. Kulima shamba la mtu mkubwa saa ya masomo, hapana.

Sasa tunajua mtatupinga. Tulisikia maneno haya katika chumba cha walimu, na tunayajibu kwa heshima.

Neno la kwanza: watoto ni wengi. Ni kweli. Tangu elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya bure, Septemba 2019, kalasi zimejaa, na mwalimu ana mikono miwili tu. Lakini watoto 67 wanaweza kugawanywa katika vikundi vya saba au nane, na kila kikundi kiandike karatasi moja. Mwalimu atasahihisha karatasi tisa mahali pa 67.

Neno la pili: vifaa haviko. Vizibo, kamba, mchanga na udongo haviuzwi, viko njiani. Karatasi ndiyo inakosekana, hilo tunakubali.

Neno la tatu: Kifaransa chao kitapotea. Hapa tunaomba mfikiri pamoja nasi. Sheria ya taifa juu ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumiwe katika kufundisha, na Kiswahili ni moja ya zile nne. Hatusemi Kifaransa kiondoke, sisi wenyewe tutakifanyia ekzama. Tunasema mtoto awe kwanza na neno la kusema, aliseme katika lugha aliyonyonya, kisha tumsaidie kulivusha. Yule msichana, tulipokaa naye baadaye na kulivusha neno lake kwa Kifaransa, alishika maneno mapya kumi na manne kwa saa moja, na hakuyasahau, kwa kuwa yalikuwa maji ya nyumba yake.

Neno la nne ndilo gumu: inspektere akija atataka kuona kaye safi zenye mfano mmoja, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hauulizi habari za ndagala. Kwa hili hatuna jibu kamili. Mwalimu anayefundisha namna nyingine anaweza kupata ripoti mbaya, na sisi wa staji hatungepata ripoti hiyo, tungekuwa tumekwenda zetu. Kwa hiyo hatumhukumu mwalimu yeyote. Tunasema tu kwamba saa moja kwa juma haiwezi kuharibu mtihani.

Basi maombi yetu ni matatu.

1. Katika shule za msingi tunakokwenda staji, iwekwe saa moja kila Ijumaa ambayo mtoto anaandika jambo aliloona au alilofanya kwa mikono, bila mfano kwenye ubao, kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa. Na asipewe sifuri kwa makosa ya herufi.

2. Kurasa mbili za gazeti letu zitolewe kwa watoto wa shule ya msingi. Sisi wa mwaka wa sita tutanakili, tena kila mwanafunzi wa kalasi yetu aliahidi kuleta karatasi tano.

3. Baadaye, Mungu akitusaidia, watoto hao waandikiane barua na watoto wa shule moja ya Kalemie ao ya Kigoma. Mashua zinatoka hapa Kalundu na kwenda kusini, na barua haina uzito. Watoto wa ziwa moja waulizane: kwenu maji yalifika wapi?

Ninyi wa mwaka wa tano Pedagogia, mwakani ni zamu yenu. Mtapewa biki nyekundu. Kabla ya kuandika "nje ya somo", someni mpaka mstari wa mwisho.

Juu ya yule msichana: siku ya kuaga tulirudi kwenye kaye yake tukaandika pembeni ya sifuri kwamba sisi ndio tulikosa, tukatia sahihi. Wekundu haufutiki, sifuri bado iko pale. Tulimwomba yeye na mama yake ruhusa ya kutoa maandishi yake hapa. Mama alisema atafikiri, maana hataki watu wajue walilala wapi. Tunangojea jibu lake. Akikubali, yatakuwa ya kwanza katika zile kurasa mbili. Akikataa, tutaanza na ndagala.

Karatasi zenu zipelekwe kwa kapita kabla ya Jumatano.

Kapita wa shule, kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita Pedagogia