Usiiguse Picha Asili



Wiki ile tulipomzika mama mkwe wangu, shemeji alikuja kuniomba picha ya kuchapisha kubwa, iwekwe mbele ya jeneza. Niliijua picha anayoitaka. Niliipiga mwenyewe: mama amejifunga kitenge cha buluu, anacheka. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilishtuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo niliipunguza ili niiweke kwenye ukurasa wa tovuti wa kikundi chetu cha akina mama, kisha nikaihifadhi kwa jina lile lile. Ile kubwa ilifutika pale pale. Iliyobaki ilikuwa na upana wa pikseli 600, yaani nukta 600 tu. Ukitaka ichapike vizuri haizidi sentimita 5. Tuliikuza hivyo hivyo, na uso wa mama ukatoka kama umefunikwa na ukungu.

Kuipunguza hakukuwa kosa. Picha ya simu ya leo mara nyingi ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti kadhaa, na anayefungua ukurasa wako kwa bando lake ndiye anayelipia uzito huo. Pikseli 1200 kwa upana zinatosha kabisa. Ila kabla hujabadilisha chochote, fanya nakala, uipe jina jingine, kisha ufanyie kazi hiyo nakala. Jina liwe fupi na lisiwe na nafasi: keki-harusi-ndogo, kwa mfano.

Picha za watu na vyakula zihifadhi kwa JPEG. Lakini JPEG hutupa sehemu ya picha kila unapoihifadhi upya baada ya kuirekebisha, kwa hiyo ukikosea rudi kwenye picha asili, uanze tena. Nembo na maandishi yapeleke kwenye PNG, ambayo haitupi kitu. (Wako wanaosema PNG ni bora kwa kila picha. Hebu hifadhi picha ya keki kwa PNG uone uzito wake!)

Na picha za watoto je? Picha ya simu yaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa, hata nyumbani kwako. Zima kwanza sehemu ya mahali katika mipangilio ya kamera.

Siku hizi picha zangu asili zina folda yao peke yao, na nakala zake ziko kwenye diski anayoitunza wifi yangu kwake.