Usiidharau Kofia ya Plagi

Ndugu msomaji, pikipiki katika mji kama Pangani si chombo cha anasa. Ndiyo imfikishayo mchuuzi wa samaki kwa wateja wake, mwalimu shuleni, na mzazi zahanati usiku mtoto anapochemka homa. Kwa hiyo inapozimika njiani baina ya Kigombe na mjini, au inapokataa kuwaka alfajiri, hasara haimfiki mwenye chombo peke yake. Nyumba nzima huionja. Leo tuzungumzie kifaa kidogo ambacho mara nyingi ndicho chanzo cha maudhi hayo, ilhali lawama huangukia vingine. Kifaa hicho ni kofia ya plagi.

Dalili zake ni hizi. Jua likiwaka, pikipiki nayo huwaka bila taabu. Ikinyesha mvua, au umande ukitanda, hugoma. Ikikubali, humisi, hasa inapobeba mzigo au kupanda kilima. Mwenye chombo akimwendea fundi wa haraka, huambiwa kwamba koili imekufa. Basi hununuliwa koili, pengine na plagi juu yake, na fedha iliyowekwa kwa ada ya shule ikapotea. Kwa kuwa kofia iliguswaguswa wakati wa kazi, chombo hupata nafuu kwa siku chache. Kisha ugonjwa hurudi uleule.

Tutazame kazi ya kofia hiyo. Koili hutoa umeme wa maelfu mengi ya volti, nao hupita katika waya mnene mpaka kwenye kofia, kisha kwenye plagi, ambako huruka pengo na kutoa cheche ya kuwasha petroli. Mzigo unapozidi, hewa ndani ya silinda hushindiliwa zaidi, na umeme hulazimika kuwa mkubwa zaidi ili uruke pengo hilo. Hapo, kama kofia ina ufa au unyevu, umeme hupata njia ya mkato na kuruka nje hadi kwenye chuma cha injini. Ndiyo sababu ugonjwa hujificha njia ikiwa tambarare na kujitokeza mlimani.

Sisi tunaokaa pwani tuna adui wa ziada, yaani chumvi. Upepo wa bahari huichukua na kuiingiza pale waya unapokutana na kofia. Nyuzi za shaba hugeuka kijani, zikawa unga, na umeme ukakosa njia. Pikipiki za zamani, ambazo mipira yake imekauka na kupasuka, huumia zaidi.

Matengenezo yake hayahitaji karakana. Zima injini, iache ipoe, kisha ichomoe kofia kwenye plagi. Ishike kofia kwa mkono mmoja na waya kwa mkono wa pili, uizungushe kofia kinyume cha saa. Nyingi zimefungwa kwa skrubu iliyochomekwa katikati ya waya. Ukiona shaba imeoza, kata kiasi cha nusu sentimita mpaka uone shaba inayong'aa, kisha uifunge kofia tena kwa kuizungusha hadi ikaze. Usikate kwa pupa, kwani katika pikipiki nyingi za zamani waya huo umeungana na koili moja kwa moja, na ukiisha hauna badala. Vipira vya pande zote mbili vikiwa vimepasuka, badilisha.

Sasa tufike kwenye kikinza, au rezista kama waitavyo mafundi wa redio. Kofia nyingi huwa nacho ndani, na kawaida yake ni omu 5,000 hivi. Kabla hujairudisha kofia kwenye waya, mwombe fundi redio wa mtaani akupimie kwa mita yake, ncha moja upande wa waya na nyingine upande wa plagi. Mita ikionyesha karibu na 5,000, kofia ni nzima. Isiposoma kitu, au namba zikirukaruka, kikinza kimekatika au kimeachana na springi yake. Baadhi ya kofia zina skrubu ndogo ya shaba ndani, upande wa plagi. Ukiifungua kwa bisibisi, kikinza na springi hutoka. Futa kutu kwenye ncha kwa msasa laini, rudisha, pima tena. Kikiwa kimekufa, nunua kofia mpya. Bei yake ni ndogo kuliko ya koili.

Wapo wanaokitoa kikinza na kutia kipande cha msumari mahali pake. Injini huwaka, nao hujiona mabingwa. Lakini cheche ni mtambo wa redio. Mwaka 1901 Marconi alitangaza kwamba amepokea Newfoundland ishara iliyovuka Atlantiki kutoka Cornwall, Uingereza, na mtambo ulioipeleka ulifanya kazi kwa cheche. Pikipiki isiyo na kikinza nayo hutangaza bila kuombwa, na kila redio iliyo karibu hupokea mikwaruzo. Jirani anayesikiliza taarifa ya habari au tangazo la msiba hukosa neno kwa sababu yako. Na kama pikipiki yako ina kisanduku cha CDI badala ya pointi, mikwaruzo hiyo yaweza kukivuruga chenyewe.

Angalia pia plagi unayonunua. Kwa plagi za NGK, ile yenye alama D8EA haina kikinza ndani, na DR8EA inacho. Kofia yenye kikinza ikivikwa plagi yenye kikinza, ukinzani hujumlika, na magineto iliyochoka yaweza kushindwa kutoa cheche ya kutosha.

Mwisho, tahadhari. Usishike waya wala kofia injini ikinguruma. Usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia bila plagi iliyogusa chuma cha injini, kwani koili yaweza kuungua. Usijaribu cheche karibu na petroli.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Leo Jumapili, mwite mwanao, wa kiume au wa kike, akushikie tochi, muikague kofia hiyo pamoja kabla ya kumwendea fundi na kabla ya mvua kunyesha.