Wagonjwa waitwe majina matatu



Nina dukuduku kuhusu namna wagonjwa wanavyoitwa katika zahanati na hospitali zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Tanga. Huku pwani majina yetu ni yale yale. Darasani kwangu wamo akina Saidi Ali wawili, na nikiita mahudhurio bila kutaja jina la babu, wote wawili huitika "Nipo!" Darasani tunacheka, yamekwisha.

Wakati wa mvua za masika zilizopita nilimpeleka mmoja wao zahanati, ana homa kali. Dirisha la dawa likaita, "Saidi Ali!" Mtoto akasimama, akapewa bahasha ya vidonge. Nilipoisoma nikakuta imeandikwa umri wa miaka 61. Vilikuwa vidonge vya shinikizo la damu vya mzee mmoja aliyekaa benchini, masikio yake mazito, hakusikia kuitwa. Muuguzi aliomba radhi, akasema, "Mwalimu, tangu asubuhi niko peke yangu." Ni kweli, nami simlaumu. Lakini je, kama mtoto yule angeletwa na bibi yake asiyejua kusoma?

Wasomaji wengi watakumbuka yaliyotokea Taasisi ya Mifupa Muhimbili tarehe 1 Novemba, 2007. Wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuja kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili baadaye alifariki dunia. Pale pana mabingwa, kwa hiyo tusiseme ni mambo ya zahanati za vijijini tu.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilianza kujaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji, katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, hapa hapa kwetu. Jambo la kwanza ni mgonjwa athibitishe yeye ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo yalitolewa Januari 2009. Katika hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000. Orodha yenyewe ni karatasi moja tu.

Nawaomba waganga wakuu wa wilaya na mkoa wetu waagize kwamba kabla ya dawa au sindano kila mgonjwa aulizwe jina lake, la baba, la babu, na umri. Tena asiulizwe, "Wewe ndiye Saidi Ali?" maana mwenye homa huitikia lolote. Atamke mwenyewe, au aliyemleta amtamkie. Nasi wananchi tuache kufoka, "Si umeshaniandika?" tunapoulizwa mara ya pili.

Mwalimu wa Kijijini,
Tanga.