"Maangamizi": Filamu Iliyohukumiwa Kabla ya Kutazamwa



Wapo miongoni mwetu wanaoshangaa kusikia padre akiisifu filamu "ya mizimu". Tukiwauliza kama wameitazama, wengi hujibu kwamba hawajaitazama. Filamu yenyewe ni Maangamizi, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ikawa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar. Haikuteuliwa, na nchi yetu haikupeleka nyingine hadi mwaka 2022, ilipopeleka Vuta N'kuvute. Katika miaka hiyo yote vibanda vya video vilijaa filamu za Kinijeria, tena zenye wachawi wa kutisha kuliko chochote kilichomo humu, na hatukusikia malalamiko mengi.

Tuitazame basi habari yake. Daktari wa magonjwa ya akili, Asira, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, anakuja kufanya kazi katika hospitali nchini mwetu. Anamkuta mwanamke ambaye hajasema neno kwa takriban miaka 20. Mhenga wa kike, Maangamizi, anamjia mgonjwa huyo, na taratibu daktari naye anatambua kwamba ana majeraha yake mwenyewe. Jina la mgonjwa ni Samehe. Anayedai kwamba filamu hii inaeneza ushirikina atueleze kwanza jina hilo limefuata nini humo.

Hatusemi tambiko ni Misa. Lakini Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, aliona katika heshima ya Waafrika kwa wahenga wao namna ya maandalizi ya imani katika Ushirika wa Watakatifu. Sisi tunaowaombea marehemu mwezi mzima wa Novemba tunawezaje kuingiwa na hofu mara tu bibi wa kale anapoonekana kwenye skrini?

Wengine wanalalamika kwamba inakwenda polepole. Ni kweli. Kimya cha miaka 20 kingeonyeshwaje kwa kasi ya filamu za ngumi? Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anamwigiza Samehe kwa macho na mabega, na sehemu hizo zina uzito kuliko mahubiri yetu mengi. Kasoro tunayoikubali ni hii: mazungumzo ya Kiingereza ni mengi, na mama wa kijijini anaachwa nyuma.

Hata hivyo, mama huyo ndiye anayeihitaji zaidi. Hapa Mvumi na katika vijiji vingine vya Kilosa, mtu akinyamaza namna ile, tunasema amerogwa au ana pepo. Huyu anafungiwa ndani, yule anapelekwa kwa mganga, mwingine analetwa parokiani aombewe, wala hakuna aliyefikiria kumpeleka hospitali. Filamu hii haimdharau daktari, wala haimruhusu daktari kuwadharau waliomzaa mgonjwa. Inauliza swali ambalo sisi tunachelewa kuuliza: huyu aliona nini kabla hajanyamaza?

Viongozi wa jumuiya watakaopata nakala waionyeshe hadi mwisho, na awepo mtu wa kutafsiri yale ya Kiingereza.