TAHARIRI: Aliyetoka jeshini akija chuoni, awe na ofisi ya kumpokea

Kila Oktoba 14 Kenya huadhimisha Siku ya KDF, kukumbuka siku ile ya 2011 wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia. Hotuba husomwa, mashada huwekwa, picha hujaa mitandaoni. Kisha inafika Oktoba 15, na yule aliyevua magwanda mwaka jana anabaki na swali lake lile lile: sasa nifanye nini?

Huku kwetu chini ya Mlima Kenya swali hili haliko mbali. Nanyuki ni mji wa kambi, na Kambi ya Jeshi la Angani ya Laikipia iko pale pale. Isiolo nako wapo. Vijana wa Kieni, Mukurweini, Othaya na Karatina wamekuwa wakipanga foleni kwenye viwanja vya usajili tangu enzi za baba zao, na kila mwaka wapo wanaorudi nyumbani. Wengi hawajawa wazee. Mtu aliyeingia akiwa na miaka 20 anaweza kutoka akiwa na 32, ana mke, ana watoto wawili, na cheti pekee cha masomo alicho nacho ni kile cha KCSE.

Zile njia za haraka tunazijua. Kuna kazi ya soja kwenye lango la jumba la biashara Nairobi. Kuna boda boda. Kuna ajenti anayepiga simu akiahidi kazi ya ulinzi ng'ambo. Novemba 2025, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, na vyombo vya habari viliripoti kuwa baadhi ya wanaolengwa ni wanajeshi na polisi wa zamani. Mbona isiwe hivyo? Kama ujuzi pekee ambao mtu yuko tayari kukulipia ni kushika bunduki, utaenda kuushikia popote.

Njia nyingine ipo, tena karibu. Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Nyeri, kilichopandishwa hadhi 2016 pamoja na kile cha Meru, kiko mjini. Mathenge iko Othaya, Michuki iko Kangema. Vyuo hivi vya TVET vinafundisha umeme, mabomba, magari, ujenzi, upishi. Ni kozi ambazo mwanajeshi wa zamani angezimudu kuliko wengi wetu. Tatizo ni kwamba akifika pale, mfumo mzima umejengwa ukimsubiri mtoto wa miaka 18 aliyetoka Form Four juzi.

Tuanze na pesa. Tangu 2018 karo ya vyuo vya kiufundi vya umma iliwekwa Sh56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa Sh30,000, na mwanafunzi akabaki na Sh26,420 ambazo angeweza kukopa HELB. Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mpya unaopima mahitaji ya kila mwanafunzi kabla ya kuamua apewe ufadhili kiasi gani na mkopo kiasi gani. Unapimaje? Unaangalia hasa hali ya familia alikotoka: wazazi wana nini, ndugu wangapi wanasoma. Sasa tuseme wewe una miaka 34 na una watoto wako. Unaulizwa habari za mama yako aliye Gatitu na vishina vyake vya kahawa, na mzigo ulioubeba wewe mwenyewe hauonekani sawasawa. Fomu za basari nazo zinauliza maswali ya aina hiyo hiyo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, ila fomu hizo hazikuandikwa kwa ajili yake.

Halafu kuna darasa lenyewe. Wenzake watamwita guka, kwa mzaha tu, na kwa kawaida anacheka nao. Lakini katika karakana ya magari mlio unaweza kupasuka ghafla, chuma kikaanguka sakafuni, na mtu aliyekuwa Gedo au Kismayu akajikuta chini ya meza kabla hajajua amefikaje. Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, na Januari 27 mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kulbiyow. Walionusurika, na waliokwenda kuichukua miili ya wenzao, ni watu wa rika la kusoma. Mkufunzi wa uchomeleaji hajafunzwa kumsaidia mtu wa aina hiyo, na si haki kumlaumu. Mshauri nasaha wa chuo, pale alipo, mara nyingi ni mwalimu aliyeongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake.

La tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalouma zaidi, ni ujuzi unaotupwa. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki ilikuwa imelala miaka mingi. Mwaka wa 2020 wanajeshi, vijana wa NYS na Shirika la Reli waliiamsha, na Desemba mwaka huo treni ikapita tena Sagana, Karatina na Kiganjo hadi Nanyuki. Walichomelea vyuma, wakarekebisha madaraja, wakaendesha mitambo. Mmoja wao akitoka jeshini leo na kwenda kuomba kozi ya uchomeleaji, ataketishwa dawati la mbele na kuanza kufundishwa jinsi ya kushika kifaa alichokishika miaka kumi. Nchi tayari ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti, chini ya mamlaka ya KNQA. Kwa wengi utaratibu huo umebaki jina tu, kwa kuwa hakuna mtu chuoni aliyeajiriwa kumwambia afande, "Hebu lete karatasi zako tuone unaweza kuanzia hatua gani."

Mtu huyo ndiye tunayemtaka. Hatuombi jengo jipya, wala kamati ya kitaifa ya kuzunguka hotelini. Tunaomba ofisi moja katika kila chuo kikubwa cha eneo hili, tukianza na Nyeri na Meru, yenye wafanyakazi wawili wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Mmoja awe mtu wa makaratasi: HELB, basari, KNQA, barua za kutoka jeshini, malipo ya uzeeni yaliyokwama. Wa pili awe mshauri nasaha aliyesomea mshtuko wa vita. Pesa hizo ziwe na mstari wake kwenye bajeti. Zisichomolewe kwenye zile pesa za serikali za kumsomesha mwanafunzi, ambazo wakuu wa vyuo wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba hufika kwa kuchelewa.

Nani alipe? Jibu letu ni Wizara ya Ulinzi, ikishirikiana na idara ya vyuo vya kiufundi. Wizara hiyo ndiyo iliyomchukua kijana huyu akiwa na nguvu zake zote. Gharama ya kumrudisha uraiani ni sehemu ya gharama ya kumpeleka vitani, kama ilivyo bei ya buti na risasi.

Wapo watakaosema hawa tayari wana pensheni. Wengine wanayo. Lakini si kila anayetoka amehudumu muda wa kutosha kupata pesa za kila mwezi, na hata mwenye nazo hapati humo mtu wa kumsomea fomu. Wapo pia watakaouliza mbona tuwabebe wanajeshi ilhali kila mwanafunzi wa TVET anahangaika. Swali hili ni zito zaidi, na hatulikwepi. Ofisi hiyo ikishakuwepo, mama wa miaka 35 aliyerudi shuleni baada ya kulea atabisha mlango huo huo. Vile vile polisi aliyeacha kazi na mfanyakazi aliyepunguzwa kiwandani. Wafunguliwe wote. Tunaanza na wanajeshi kwa kuwa ndio ambao serikali yenyewe iliwaajiri, ikawatuma, na majina yao inayo.

Marekani waliliona jambo hili mapema. Juni 22, 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwalipia wanajeshi masomo, na kufikia 1956 takriban milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kupata mafunzo ya kazi kupitia kwayo. Baadaye vyuo vya kijamii kule viligundua kwamba karo peke yake haitoshi, vikafungua ofisi za kuwahudumia wanajeshi wa zamani. Wasomaji wetu wenye binamu waliojiunga na jeshi la Marekani wanaweza kuwauliza jinsi ofisi hizo zinavyofanya kazi. Inachekesha kidogo, na inaudhi kidogo, kwamba kijana wa Karatina aliyevaa magwanda ya Marekani ana pa kubisha, na nduguye aliyevaa ya Kenya hana.

Kwetu pia kuna historia. Waruhiu Itote, mwana wa Nyeri, alipigana Burma katika King's African Rifles, akarudi na kufanya kazi kwenye injini za reli kabla ya kuingia msituni na kujulikana kama Jenerali China. Hatusemi alikwenda msituni kwa kukosa kozi. Mambo yalikuwa ardhi na uhuru. Lakini NYS ilipoundwa 1964, serikali changa ilimweka mtu huyo huyo miongoni mwa viongozi wake, na vijana wakapata pa kujifunzia kazi. Wakati huo nchi haikuwa na pesa kuliko sasa. Na Nyeri hatuwezi kusingizia kwamba hatujui kutunza wanajeshi. Tuna makaburi ya vita yanayofyekwa vizuri, na pale Mathari lipo kanisa la ukumbusho lenye mabaki ya wanajeshi wa Italia zaidi ya 600. Hao wote ni wafu.

Kuna jambo moja ambalo vyuo vinaweza kulifanya bila kusubiri Nairobi. Wakati wa usajili wa Septemba, fomu ya kujiunga iongezwe swali moja: je, umewahi kuhudumu katika kikosi cha ulinzi? Anayetaka ajibu, asiyetaka aache wazi. Hesabu hiyo ikipatikana, wabunge wa Nyeri, Laikipia, Isiolo na Meru wataingia kwenye vikao vya bajeti wakiwa na idadi mkononi, chuo kwa chuo. Nawe mwanachuo unayesoma haya, kama una guka darasani, muulize kama HELB yake imeingia.