Mnamtetea Verdi Asiyekuwepo

Kila mara opera ya zamani inapopanda jukwaani na waimbaji waliovaa suti na viatu vya siku hizi, lawama huwa zile zile: mtunzi amesalitiwa, mwongozaji amejitwalia kazi isiyo yake, irudisheni opera kama ilivyokuwa. Wanaolalamika hivyo ni wengi, kuanzia walionunua tiketi ghali Milano na Vienna hadi wanaotazama video sebuleni kwao, na wanalalamika kwa uchungu wa kweli kwa sababu wanaipenda sanaa hii. Mimi pia naipenda. Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno kwamba imani yao haina mizizi katika historia, na kwamba inaidhuru sanaa ile ile wanayodhani wanailinda.

Tuanze na La traviata, kwa kuwa ndiyo inayoliliwa kuliko zote. Violetta Valéry ni mwanamke wa Paris anayeishi kwa kutunzwa na wanaume matajiri. Anaugua kifua kikuu. Anampenda kijana Alfredo, wanaondoka mjini kuishi pamoja, kisha baba yake kijana anakuja kumsihi aachane naye ili jina la familia lisichafuke na dada yake Alfredo asikose mume. Violetta anakubali, anaachwa na wote, na wanaporudi kumtaka radhi amebakiwa na saa chache za uhai. Mtunzi Giuseppe Verdi alikitoa kisa hiki katika tamthilia ya Alexandre Dumas mdogo iliyoonyeshwa Paris mwaka 1852, nayo ilitokana na mwanamke halisi, Marie Duplessis, aliyefariki mwaka 1847 akiwa na umri wa miaka 23. Opera ilipofunguliwa katika jumba la La Fenice, Venice, tarehe 6 Machi 1853, mwanamke yule alikuwa amezikwa miaka sita tu iliyopita. Ukumbini wangeweza kukaa watu waliopata kumwona kwa macho yao.

Verdi alilitaka jambo hilo hasa. Aliomba waimbaji wavae nguo za wakati ule, nguo kama walizovaa watazamaji wenyewe, ili tajiri aliyeketi na mkewe amwone jukwaani mtu aliyevaa koti kama lake akimtumia mwanamke na kumtupa. Wakubwa walikataa. Kisa kikarudishwa nyuma hadi miaka ya 1700 hivi, waimbaji wakavikwa nguo za enzi ya mababu, na watazamaji wakapewa nafasi ya kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya watu wa kale. Usiku ule wa kwanza opera ilishindwa. Mwaka uliofuata Verdi aliirekebisha, ikaonyeshwa katika ukumbi mwingine wa Venice na kushangiliwa, lakini bado kwa nguo zile zile za kale. Miaka mingi ilipita kabla Violetta hajaruhusiwa kuvaa nguo za kizazi chake mwenyewe.

Sasa angalia kinachotokea leo. Mtazamaji anaona gauni pana la miaka ya 1850, lile la pindo kama mwavuli, vinara vya mishumaa na mapazia mekundu, anaridhika na kusema, hii ndiyo Traviata ya asili. Siyo. Gauni hilo halikuwepo usiku wa kwanza, kwa kuwa lilikatazwa. Aliyelitaka ni Verdi, na sababu ya kulitaka ilikuwa kwamba lilikuwa la leo yake. Anayetaka kuifuata opera kama ilivyoonyeshwa mwaka 1853 atawafuata wakubwa waliomnyima Verdi alichokitaka. Anayetaka kumfuata Verdi hana budi kumvika Violetta nguo ambazo mtazamaji anazo kabatini mwake.

Kisa cha Violetta kilimgusa Verdi nyumbani kwake. Wakati ule alikuwa akiishi na mwimbaji Giuseppina Strepponi bila ndoa, na watu wa mji wake mdogo wa Busseto waliwatenga na kuwasengenya. Hawakuoana hadi mwaka 1859. Sisemi Violetta ni Strepponi. Maisha yao hayafanani kiasi hicho. Nasema mtu aliyejua yale ambayo watu wema wanaweza kumfanyia mwanamke hakuwa akitunga hadithi ya mavazi mazuri ya zamani.

Mwaka 2005, mwongozaji Mjerumani Willy Decker aliiandaa Traviata katika tamasha la Salzburg. Ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa mno, kochi, wanaume wenye suti nyeusi, na mwimbaji Anna Netrebko, Violetta wake, katika gauni fupi jekundu. Hakuna kinara hata kimoja. Wapo waliomsifu na wapo waliosema ameiua opera. Mimi nawaomba hao wa pili wasikilize utangulizi wa muziki kabla pazia halijafunguka. Fidla chache zinaanza juu sana, nyembamba, karibu zikatike. Muziki huo huo hurudi mwanzoni mwa tendo la mwisho, Violetta akiwa kitandani anakata roho. Verdi alianza opera yake kwa muziki wa kifo, kisha akaingiza sherehe. Decker alilisikia jambo hilo: katika utangulizi, Violetta anaingia na kumkuta mzee ameketi kando ya saa, yule daktari atakayekuwepo wakati anakufa. Kabla ya neno la kwanza kuimbwa tunajua muda wake umeshahesabiwa. Nimeona maandalizi mengi yenye mapazia mekundu ambamo utangulizi huo hupita kama muziki wa kusubiria watu wakae vitini. Nani basi amemwamini mtunzi?

Na Traviata si kisa cha peke yake. Mwaka 1792 Mfalme Gustav III wa Sweden alipigwa risasi katika dansi ya watu waliovaa barakoa, ndani ya jumba la opera la Stockholm, akafa siku kadhaa baadaye. Verdi alitunga opera juu ya mauaji hayo kwa ajili ya jumba la San Carlo la Naples. Mnamo Januari 1858 Felice Orsini na wenzake wakautupia mabomu msafara wa Napoleon III mjini Paris, na wakaguzi wa Naples, ambao tangu mwanzo hawakuipenda habari ya mfalme kuuawa, wakataka mabadiliko ambayo Verdi aliyakataa. Ugomvi ukafika mahakamani. Mwishowe kazi ikaenda Rome, ikafunguliwa tarehe 17 Februari 1859 kwa jina la Un ballo in maschera, na mfalme wa Sweden akawa gavana wa Boston katika Amerika ya ukoloni wa Kiingereza. Oscar, kijana mtumishi wa ikulu, amebaki humo na nyimbo zake za mbwembwe za kifalme, katika mji wa Wapuriti waliochukia hata michezo ya kuigiza. Leo majumba mengine huipeleka opera hii Stockholm, mengine huiacha Boston. Anayedai ya asili na atuambie: ni ile aliyoiwaza mtunzi, au ile aliyoitia sahihi chini ya shinikizo?

Don Carlos ni fumbo kubwa zaidi. Ilianza Paris kwa Kifaransa tarehe 11 Machi 1867, na kabla hata ya usiku huo Verdi alikwisha kukata vipande vya muziki, kwa kuwa onyesho lingekuwa refu mno na watazamaji wangekosa treni za mwisho za kuwarudisha vitongojini. Mwaka 1884 ikatokea Milano ikiwa na matendo manne badala ya matano, na mwaka 1886, mjini Modena, tendo la kwanza likarudishwa. Vile vipande vilivyokatwa kwa ajili ya treni vilikuja kufukuliwa katika maktaba ya Opera ya Paris karne moja baadaye. Kila jumba linaloiandaa Don Carlos sharti lichague, na lolote litakalochagua Verdi alipata kulikubali au kulikataa.

Tukirudi nyuma zaidi, neno asili linazidi kupotea. Rossini aliuchukua muziki wa ufunguzi aliouandikia Aureliano in Palmira mwaka 1813, akautumia tena katika Elisabetta mwaka 1815, kisha akauweka mbele ya Il barbiere di Siviglia mwaka 1816. Tunaousikia leo kama kicheko cha kinyozi ulitangulia kwanza opera mbili za wafalme na vita. Katika Barbiere hiyo hiyo, kwenye onyesho la Rosina kufundishwa kuimba, waimbaji wa kike kwa miongo mingi waliingiza nyimbo za watunzi wengine walizozipenda, na hadhira ilisubiri kwa hamu kujua usiku huo utaletwa wimbo gani.

Na wale waliohasiwa? Handel alipomwandikia Julius Caesar sehemu yake katika Giulio Cesare, London, mwaka 1724, alimwandikia Senesino, mmoja wa waimbaji wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Ukatili huo ulikwisha. Alessandro Moreschi, wa mwisho anayejulikana kuacha rekodi za sauti yake, alifariki mwaka 1922. Leo Caesar huimbwa na mwanamke, au na mwanaume anayetumia sauti ya juu. Hakuna mpenzi wa uasilia anayedai watoto wahasiwe, na asidai kamwe. Lakini basi akubali kwamba sauti yenyewe, kiungo cha kwanza cha opera, tumeibadilisha kwa sababu dhamiri yetu imebadilika, na Handel bado yupo. Gluck hata hakusubiri kufa: sehemu ya Orfeo aliyomwandikia mwimbaji wa namna hiyo Vienna mwaka 1762, aliiandika upya kwa mwimbaji wa sauti ya tenor, Joseph Legros, alipoipeleka Paris mwaka 1774.

Watu huniambia, hayo ni ya Waitalia, lakini Wagner aliyejijengea jumba lake Bayreuth alijua anachotaka. Mwaka 1976, Ring, mfululizo wake mkubwa wa opera, ilipotimiza miaka 100, Mfaransa Patrice Chéreau aliweka bwawa la umeme mahali pa mto Rhine na kuwavika miungu nguo za matajiri wa karne ya viwanda. Miluzi ilisikika, vipeperushi vikagawiwa, watu wakagombana. Wagner, mtu aliyeikimbia Dresden mwaka 1849 baada ya kushiriki katika maasi, alikuwa ameweka katika Ring dhahabu iliyoibwa, mikataba iliyovunjwa na watumwa wanaochimba madini chini ya ardhi. George Bernard Shaw aliisoma kama kisa cha ubepari mwaka 1898. Chéreau hakuzua kitu. Alirudi mwaka hadi mwaka akirekebisha kazi yake, na mwaka 1980, usiku wa mwisho, makofi yalidumu zaidi ya saa nzima. Leo wengi wa wale wanaoomba uasilia huitaja Ring hiyo kama kipimo.

Nakubali, yapo maandalizi mabaya. Wapo waongozaji wasiojua kusoma nota, wanaojaza jukwaa vurugu mwimbaji anapohitaji utulivu, wanaochukua maneno na kuuacha muziki. Hao wanastahili kushambuliwa, tena kwa jina. Lakini kosa lao ni uziwi, na uziwi huo umejaa vile vile katika maandalizi yenye mishumaa na magauni ya hariri, ambako hatuuoni kwa kuwa macho yameshibishwa. Ninachokikataa ni kipimo cha nguo, kwa sababu kinamkinga mwongozaji mvivu na kumhukumu anayefikiri.

Basi nawaomba wapenzi wa opera jambo moja. Tafuteni rekodi ile ya Salzburg, mwitazame mkiwa na nota, au angalau mkiwa na masikio yaliyotulia, kisha mwitazame Traviata yoyote ya mapazia mekundu. Mkiniletea mahali ambapo Decker ameenda kinyume na muziki wa Verdi, nitawasikiliza na tutabishana hadi usiku. Hoja ya gauni jekundu siipokei.