Ardhioevu Isiyo na Njia Haina Mtetezi

Upande wa kaskazini wa jiji la Aarhus, nchini Denmark, kuna ziwa ambalo mwanzoni mwa karne hii halikuwapo. Linaitwa Egå Engsø, lina ukubwa wa takriban hekta 115, na lilijazwa maji mwaka 2006 juu ya mashamba yaliyokuwa yamekaushwa. Halikutengenezwa kwa ajili ya mandhari. Lengo kubwa lilikuwa kuizuia naitrojeni itokayo mashambani isifike katika ghuba ya Aarhus, ambako hulisha mwani, na mwani huo ukioza humaliza oksijeni na kuua viumbe wa chini ya bahari. Kazi yenyewe hufanywa na bakteria waishio kwenye tope lisilo na hewa: hutumia nitrati mahali pa oksijeni, na naitrojeni hurudi angani ikiwa gesi isiyodhuru. Ukilizunguka ziwa hilo utapita kwenye njia ya changarawe ya kama kilomita 5, wanayoitumia watembea kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Wapo wanaoiona njia hiyo kama pambo lililoongezwa kazi ilipokwisha. Mimi nashikilia kwamba inalilinda ziwa kama sheria inavyolilinda, na pengine kwa muda mrefu zaidi, maana sheria hubadilishwa na watu, na watu hawakipiganii wasichokijua.

Historia ya nchi hiyo inaonyesha jinsi ardhioevu inavyopotea. Filsø, lililoko magharibi mwa Jutland, lilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa ya Denmark hadi walipoanza kulikausha mwaka 1852. Kazi iliendelea hadi karne ya 20, likabaki kipande kidogo tu cha maji. Kati ya mwaka 1962 na 1968 ikawa zamu ya mto Skjern. Mto ulinyooshwa, kingo zikajengwa, pampu zikafungwa, na takriban hekta 4,000 za matindiga na malisho zikageuzwa mashamba ya nafaka. Machoni pa wengi wa wakati ule, tindiga lilikuwa ardhi iliyolala bure ikingoja jembe. Hasara ilikuja taratibu. Udongo wa mboji uliokuwa umehifadhiwa na maji kwa maelfu ya miaka ulikutana na hewa, ukaanza kuoza na kudidimia. Madini ya chuma yaliyokuwa yametulia ardhini yakageuka kutu, yakateremka na mto hadi kwenye Ringkøbing Fjord. Salmoni wa asili wa mto huo wakakaribia kutoweka. Bunge likaamua mwaka 1987 kwamba bonde lirudishwe, na kati ya mwaka 1999 na 2002 mitambo ikafanya kinyume cha ilichofanya miaka ya sitini: hekta 2,200 zikarudishiwa maji, na kilomita 19 za mto ulionyooshwa zikawa 26 za mto unaopinda. Gharama ilizidi krona milioni 250. Kwa hiyo mlipakodi wa Denmark aligharimia bonde moja mara mbili, kwanza kuliharibu, kisha kuliponya.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na hapo ndipo ninapoiona thamani ya njia. Leo katika bonde la Skjern mwenye baiskeli anaweza kuvuka maji kwa kivuko kidogo anachokivuta mwenyewe kwa mikono, akafika penye mnara wa kutazamia ndege, akaona kwa macho yake kile ambacho krona zile zilinunua. Filsø lilirudishiwa maji mwaka 2012 na mfuko wa Aage V. Jensen Naturfond, na sasa lina ukubwa wa zaidi ya hekta 900. Watu wakifika mahali kama hapo, mabadiliko yanayosomwa katika ripoti za wataalamu huwa jambo la kawaida la maisha yao. Mtu aliyezoea kupita kando ya matete kila wiki atagundua maji yakibadilika rangi. Atauliza kwa nini batabukini wamepungua. Na siku ikitokea hoja ya kuligawa bonde kwa ajili ya barabara au kiwanda, atakuwa na la kusema katika kikao cha manispaa, kwa kuwa atakuwa anapazungumzia mahali anapopajua kona kwa kona.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Mwezi Juni 2024 serikali ya Denmark, wakulima, viwanda, vyama vya wafanyakazi na watetezi wa mazingira walifikia makubaliano, na Novemba mwaka huohuo vyama vingi bungeni vikayaidhinisha. Takriban hekta 140,000 za mashamba ya mabondeni yenye udongo wa kaboni nyingi zinatakiwa kuachwa zirudi kuwa na maji, na hekta 250,000 zipandwe misitu. Nchi ambayo karibu asilimia 60 ya ardhi yake inalimwa imeamua kuigeuza takriban sehemu ya kumi ya ardhi yake. Iliundwa wizara maalumu, na kamati 23 za maeneo zikapewa kazi ya kuchora ramani: shamba gani liachwe, mfereji upi uzibwe. Kamati hizo zina malengo ya kilo za naitrojeni, tani za hewa ukaa na hekta za kufikia. Nayaheshimu malengo hayo. Hofu yangu ni kwamba mahali penye malengo yanayohesabika namna hiyo, njia ya watu huwa jambo la kufikiriwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na maji yakiwa yamekwishapanda.

Kwa nini changarawe, na kwa nini baiskeli? Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaofuatilia michezo wameshaiona baiskeli ya changarawe: ina usukani uliopinda kuelekea chini kama wa baiskeli za mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana, milimita 40 hivi, na hujazwa upepo kidogo ili zishike vizuri penye kokoto na mchanga. Ndiyo iliyotumiwa na marehemu Suleiman Kangangi wa Kenya na wenzake wa timu ya Amani, na ndiyo inayotawala mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara. Kwenye bonde la Kidenmark baiskeli hiyo inafaa kwa sababu iliyo wazi. Ardhi ya mboji haitulii. Huvimba, hunywea, hudidimia. Lami ikiwekwa juu yake hupasuka, na kuitengeneza upya kunahitaji mitambo mizito inayoumiza udongo uleule tunaotaka kuuokoa. Changarawe iliyoshindiliwa husawazishwa kwa gharama ndogo na hupitisha maji. Umbali nao una maana. Kuzunguka ziwa kubwa au kufuata bonde la mto kwa miguu ni safari ya kutwa, ambayo wengi hawawezi kuifanya baada ya kazi. Kwa baiskeli, mkazi wa mjini anatoka nyumbani, anazunguka na kurudi kabla ya giza, bila kuwasha gari na bila kuhitaji eneo la maegesho kujengwa penye malisho ya ndege.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ndege wenyewe, na si haki kulipita juujuu. Ndege wanaotaga chini katika majani, batabukini wanaopumzika wakiwa safarini, korongo na tai wa baharini, hao wote hutishika mtu akiwakaribia, na kila wanaporuka bila sababu hupoteza nguvu na kuyaacha mayai baridini. Tena ndege hao si wa Denmark peke yake. Katika vichaka vya unyevunyevu vya mashariki mwa nchi hiyo huzaliana ndege mdogo mwenye sauti kubwa, anayeitwa nattergal na wenyeji, ambaye kila mwaka hupita Afrika Mashariki. Huko Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, watafiti huwanasa na kuwavisha pete kwa wingi wakati wa mvua za vuli. Utafiti wa wanasayansi wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ukame wa Pembe ya Afrika wa mwaka 2011 uliwachelewesha ndege hao kurudi Ulaya. Anayekiharibu kichaka kimoja upande mmoja wa safari hiyo anawagusa pia watu wa upande wa pili.

Nakubali uzito huo wote, na bado naona jibu liko katika namna ya kuchora njia. Njia izunguke, isikate katikati. Ipite nje ya ukanda wa matete, mahali ambapo matete yenyewe yanakuwa pazia. Isogee mbali penye viota, na vipande vingine vifungwe msimu wa kutaga. Ndege huzoea mwendo unaorudiwa mahali palepale kuliko mtu anayetokea ghafla kutoka majanini, na mbwa aliyefunguliwa kamba huwatisha kuliko safu ya baiskeli zinazopita bila kusimama. Njia iliyo wazi na nzuri ndiyo inayowaondoa watu kwenye vijia vya kujitungia. Na pale ambapo hata hayo hayatoshi, pafungwe. Tipperne, rasi ya malisho iliyoko kusini mwa Ringkøbing Fjord, imekuwa hifadhi ya ndege tangu mwaka 1928, na watu huruhusiwa kufika kwa masharti makali. Siombi njia ya baiskeli ipite katikati yake. Tipperne inaheshimiwa, na nadhani itazidi kuheshimiwa kadiri watu wanavyopata mabonde mengine ya kuingia. Kufunga kila mahali kungewageuza wapenzi wa mazingira kuwa walalamikaji.

Mkulima naye ana hoja yake. Anaona shamba la baba yake likifunikwa na maji, kisha wanakuja watu wa mjini kwa baiskeli za bei kubwa kuburudika juu ya jasho la ukoo wake. Maumivu hayo ni ya kweli, na fidia ya fedha haiyamalizi. Ila mashamba yanayozungumzwa ni yale ya mabondeni, ambayo mengi yake yanadidimia yenyewe na kudai pampu zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi inayolimwa Denmark hulisha mifugo, hailishi watu moja kwa moja. Njia inaweza pia kumletea kitu mwenye ardhi: mpita njia hula, hulala, hununua jibini na mayai. Mkulima akae kwenye meza ambapo njia inachorwa, aseme ng'ombe wake wanapita wapi na lango lipi lisiachwe wazi. Kuhusu bei ya baiskeli, njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri haiulizi ya aina gani. Baiskeli kuukuu ya mjini hupita, na kiti cha magurudumu nacho hupita. Waendeshaji wenye kasi wapunguze mwendo penye watoto na wazee, wapige kengele mapema. Wakishindwa hilo, manispaa iwawekee vizuizi, na mimi nitakuwa upande wa manispaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaochora ramani za Denmark ni moja. Katika kila bonde litakalorudishiwa maji, mstari wa njia uchorwe siku ileile unapochorwa mstari wa maji, gharama yake iwe ndani ya bajeti ileile, na wataalamu wa ndege wauhakiki kabla ya mfereji wa kwanza kuzibwa. Maji yakishapanda, kujenga njia mahali panapofaa huwa ghali maradufu, na mara nyingi haijengwi kabisa.